Mahubiri ya Ndege na Barua ya Babeli

Leo nataka kuandika juu ya mahubiri, kwa sababu katika kambi yetu mahubiri si jambo la Jumapili tu. Yanaamua kama mtu ataanza kujifunza kushona au hataanza, kama atapanda lengalenga nyuma ya nyumba au ataacha, kama ataoa au ataendelea kungoja.

Hapa Nyarugusu kuna mahubiri yanayojulikana na kila mtu, hata yule ambaye hajawahi kukanyaga kanisani. Sisi vijana tumeyapa jina: mahubiri ya ndege. Yanakuja zaidi mkesha wa mwaka mpya na wakati wa maombi ya kufunga ya Januari. Mhubiri anafungua kitabu cha Yeremia sura ya 29, anasoma mstari wa 11 peke yake, ule unaosema kwamba Mungu ana mipango mizuri kwa watu wake. Halafu anafunga Biblia na kuanza. Mwaka huu ni mwaka wako! Kesi yako inatembea! Faili lako limetoka chini ya meza! Ndege yako iko angani! Kinanda kinapanda, mama wanapunga vitenge, vijana wanaruka. Kisha kapu linapita, na tunaambiwa kila mtu apande mbegu kulingana na safari anayoitaka.

Sitaki kuyacheka mahubiri haya. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kambi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, wakati wazazi wetu walipovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita ya Kivu Kusini. Mimi nimezaliwa hapa mwaka 1999. Fizi naijua kwa masimulizi ya mama tu: samaki wa Baraka, milima, ng'ambo ya ziwa. Nimesoma shule ya kambi, kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya nchi ya Tanzania, mpaka nikamaliza sekondari. Sasa nafanya kazi na vijana. Siku za kazi mimi ni mhamasishaji wa vijana, wale tunaolipwa insentivu. Jumamosi na Jumapili nasimamia vijana wa kanisa letu. Kwa hiyo nayasikia mahubiri pande zote mbili: nayasikia yakitoka madhabahuni, halafu nayakuta Jumatatu ndani ya vichwa vya vijana.

Ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika wananiuliza mara nyingi kwa nini makanisa ni mengi hivi, na kwa nini spika zinalia usiku kucha. Jibu langu ni hili. Kwenye foleni ya mgao unaitwa kwa namba ya kadi. Kwenye ofisi unaitwa kwa namba ya kesi. Kanisani unaitwa Mama Fulani, Papa Fulani, kaka, dada. Ukifiwa, wanakanisa ndio wanaofika kwanza na maji na kuni. Ukiwa na machungu yasiyosemeka, ni kanisani unaruhusiwa kulia kwa sauti na hakuna anayekuandika kwenye fomu. Na mhubiri ndiye mtu anayekuambia kwamba Mungu hajakusahau. Ninawajua watu waliovuka usiku mgumu kwa sababu ya neno moja la mhubiri. Mtu akitaka kufahamu kambi hii bila kufahamu mahubiri yake, amefahamu nusu.

Lakini mahubiri ya ndege yana bei, na bei yake wanailipa vijana.

Nawaambia ninayoyaona. Kijana mmoja aliacha mafunzo ya useremala mwezi wa pili, wakati alikuwa ameshajua kupima na kukata, kwa sababu aliambiwa kwenye maombi kwamba hatamaliza mwaka hapa. Msichana mmoja alikataa kujiandaa kwa mtihani wa Serikali wa Kongo. Alisema, "Hiyo diploma nitaipeleka wapi Amerika?" Kaya moja iliacha paa livuje misimu miwili ya mvua, kwa kuwa hakuna haja ya kutengeneza nyumba unayoiacha. Hawa si wavivu. Wanafanya kile ambacho imani yao imewaambia. Wamehubiriwa kwamba kungoja ndiko kuamini, na kwamba ukianza kupanda kitu hapa ni kama unamwambia Mungu huamini ataleta ndege.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 20 ya mwezi huo rais wa Marekani, Donald Trump, alitia sahihi amri ya kusimamisha programu ya kupokea wakimbizi. Amri ilianza kufanya kazi tarehe 27. Na tarehe 27 hiyo hiyo M23 walitangaza kwamba wameuchukua mji wa Goma. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Tuliokuwa na simu tulikuwa tunasikiliza habari mbili kwa wakati mmoja, mguu mmoja kule na mguu mwingine huku. Mlango wa mbele umefungwa, na nyumba ya nyuma inaungua.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watano, alikuwa amefika mwisho wa prosesi. Intavyu alipita, medikali alipita. Aliambiwa ajiandae. Alikuwa ameuza mbuzi wake wawili, ameuza sufuria kubwa, kitanda amempa mdogo wake. Hata turubai la jikoni alikuwa amelitoa. Nguo za watoto zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa. Baadaye wakamwambia hakuna safari, wala hakuna tarehe nyingine. Alirudi kulala kwenye mkeka katika nyumba ambayo alishaiaga.

Jumapili iliyofuata alikuja ibadani kama kawaida. Mhubiri siku ile hakumtaja jina, lakini kila mtu alijua. Alisema kuna watu wanafika mlangoni kabisa na bado mlango unafungwa, na sababu ni mbili: mashaka moyoni, na fungu la kumi ambalo halijatolewa. Watu wakasema Amina. Mama yule alikuwa amekaa benchi ya tatu. Hakuinua kichwa.

Nilitoka pale nikiwa na hasira, lakini hasira siyo hoja, kwa hiyo nilikaa kufikiri. Amri ile iliwasimamisha maelfu ya wakimbizi duniani kote. Iliwasimamisha waliotoa fungu la kumi na wasiotoa. Iliwasimamisha Wakristo na Waislamu, waliofunga siku 21 na waliokula asubuhi. Iliwasimamisha hata wachungaji waliokuwa na kesi zao wenyewe. Sasa tukisema mama huyu amekwama kwa sababu ya imani ndogo, tunasema nini juu ya wengine wote? Karatasi ilisainiwa Washington. Kumbebesha dhambi ya karatasi hiyo mama anayelala kwenye mkeka Nyarugusu, hilo sijaliona katika Injili.

Wakati huo huo nikapewa ujumbe wa Jumapili ya vijana. Kwa wasiojua, kanisani kwetu kuna Jumapili ambapo vijana wanaongoza kila kitu: sifa, kusoma, sadaka, na mahubiri. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ninamheshimu kama baba, aliniita pembeni. Akaniambia, "Mutoto wangu, watu wako na machungu. Usiende kuwaongezea. Uwape tumaini." Nikamjibu, "Ndiyo, Papa." Na nilimaanisha. Ila swali likabaki: tumaini gani?

Niliwapelekea swali vijana wenzangu. Tunakutana Jumamosi alasiri katika chumba cha darasa, tunakaa kwenye madawati ya watoto. Nilisema hivi: mstari wa 11 tunaujua wote, umeandikwa hata kwenye kuta za nyumba kwa chaki. Leo tusome sura nzima. Tena tuanzie sura ya 28, iliyo kabla yake.

Jamani, someni sura hizo mbili. Ni kama ziliandikwa kwa kambi.

Watu wamechukuliwa kutoka Yerusalemu na mfalme Nebukadreza, wako Babeli, ugenini. Kule Yerusalemu anasimama nabii anaitwa Hanania. Anahubiri hekaluni mbele ya makuhani na watu wote. Ujumbe wake: miaka miwili tu! Ndani ya miaka miwili mfalme Yekonia atarudi, vyombo vya hekalu vitarudi, na mateka wote watarudi. Tena ana vitendo. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara, na Hanania anaitoa ile nira na kuivunja mbele ya watu. Fikiria kelele zilizopigwa siku ile.

Kitu kilichonishangaza ni jibu la Yeremia. Anaanza kwa kusema Amina. Anasema Bwana na afanye hivyo. Yaani yeye pia anatamani watu warudi nyumbani. Hafurahii uhamisho. Halafu anasema nabii wa amani atajulikana pale neno lake litakapotimia, na nira inapovunjwa, anaondoka zake. Baadaye Mungu anamrudisha kwa Hanania na neno gumu: umewafanya watu hawa kutumaini uongo. Mwaka haukuisha, Hanania akafa.

Ndipo inakuja sura ya 29, ambayo ni barua. Yeremia anaandika kutoka Yerusalemu kwenda kwa wazee, makuhani, manabii na watu wote waliohamishwa. Barua inabebwa na wajumbe mpaka Babeli. Na kabla ya kufika mstari wa 11 tunaoupenda, barua inasema mambo mengine. Inawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Wapande bustani na kula matunda yake. Waoe, wazae, na watoto wao nao waoe na kuolewa. Wautafute usalama wa mji ule walipohamishiwa na kuuombea, kwa sababu mji ukipata amani, na wao watapata. Inawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Kisha inataja muda: miaka 70. Baada ya hapo ndipo mstari wa 11 unakuja.

Darasa lilinyamaza. Kijana mmoja alichukua kalamu akapiga hesabu kwenye kiganja: 1996 kujumlisha 70 ni 2066. Mimi nitakuwa na miaka 67. Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Nikasema haraka kwamba simtabirii mtu miaka 70. Ile ilikuwa hesabu ya Babeli, si yetu. Sijui mlango wetu utafunguka lini, na yeyote anayesema anajua, tumuulize kama Yeremia alivyofanya: tutaona neno likitimia. Tulichotafuta pale ni namna ya kuishi kabla mlango haujafunguka.

Dada mmoja akainua mkono. Ni mtu asiyependa maneno mengi. Akasema, "Kaka, wale wa Babeli waliruhusiwa kupanda. Sisi tukivuka mpaka wa kambi kutafuta shamba tunakamatwa. Waliruhusiwa kujenga. Sisi kazi yenyewe haturuhusiwi. Sasa unataka tuzeeke hapa tukiimba?"

Swali lake ni la haki, na sitaki kulifunika hapa kwa maneno matamu. Ni kweli. Hatuwezi kutoka bila kibali. Eneo la kulima ni lile la nyuma ya nyumba. Wanaotunga sheria na wanaopanga mgao nao wana la kujibu, na barua ya Yeremia isitumiwe kutuambia tunyamaze na turidhike. Mtu akihubiri "pandeni bustani" bila kuona kwamba ardhi hakuna, naye amesoma mstari mmoja peke yake.

Lakini tulipoendelea kuzungumza, tuliona kwamba kuna vitu viwili tofauti. Kuna tulivyokatazwa, na kuna tulivyojikataza wenyewe kwa sababu ya mahubiri. Hakuna aliyemkataza kijana yule kumaliza useremala. Hakuna aliyemkataza msichana yule kukaa kwenye mtihani. Gunia moja la udongo na mbegu za mchicha haliombewi kibali. Cha kwanza tuna haki ya kukililia. Cha pili kiko mikononi mwetu leo.

Hapo tukaingia kwenye maneno matatu tunayoyasema kila Jumapili bila kuyaangalia: imani, ibada, na uanafunzi.

Imani. Katika Kiswahili chetu, kuamini na kuwa mwaminifu ni maneno ya ukoo mmoja. Amana nayo imo humo, ile mali uliyokabidhiwa uitunze. Mahubiri ya ndege yamechukua nusu ya kwanza tu: amini, utapokea. Lakini Waebrania sura ya 11, ile orodha kubwa ya watu wa imani, inasema wazi kwamba wengi wao walikufa bila kuzipokea ahadi. Waliziona kwa mbali. Ibrahimu mwenyewe alikaa kwenye mahema. Kama imani ingepimwa kwa kufika, wale wote wangefeli. Hawakufeli. Waliitwa watu wa imani kwa sababu walikuwa waaminifu pale pale walipokuwa, na kile walichokabidhiwa.

Ibada. Mateka wa Babeli kuna wakati walitundika vinubi vyao kwenye miti kwa sababu hawakuweza kuimba ugenini. Hata kwetu, baada ya Januari, nusu ya kwaya iliacha mazoezi. Walisema wataimbia nini. Sikuwalaumu; hata Biblia inajua kwamba kuna majira ya kunyamaza. Lakini niliwauliza: kama tulikuwa tunaimba ili tupate ndege, je, ile ilikuwa ibada au malipo ya tiketi? Mungu ni yule yule kabla na baada ya tarehe 27. Paulo anawaambia Warumi watoe miili yao, kwamba hiyo ndiyo ibada. Mwili ndio unaobeba maji. Mwili ndio unaopanda juu ya paa la jirani.

Uanafunzi. Hili ndilo lililowafurahisha vijana. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, wafuasi wa Yesu wanaitwa wanafunzi. Ni neno lile lile la hawa watoto ambao tulikalia madawati yao. Petro alikuwa mwanafunzi. Mathayo alikuwa mwanafunzi. Yesu alipowatuma kwa mataifa, kazi aliyowapa ni kuwafanya watu wawe wanafunzi. Hakuwaagiza wakusanye watazamaji wa miujiza. Mwanafunzi ni mtu anayejifunza, anayerudia, anayekosea na kusahihishwa, anayekuja tena kesho. Mtu hawezi kuwa mwanafunzi kwa siku moja ya mkesha.

Na kama mnataka kijana mkimbizi katika Biblia, yuko Danieli. Alipelekwa Babeli akiwa kijana. Wakamwekea miaka mitatu ya kusoma maandiko na lugha ya Wakaldayo, watu waliomteka. Angeweza kusema, "Elimu hii ya Babeli nitaipeleka wapi Yerusalemu?" Alisoma. Alikataa chakula cha mfalme, lakini shule hakuikataa. Alijua kipi cha kukataa na kipi cha kupokea. Nadhani hekima hiyo ndiyo vijana wa kambi wanaihitaji kuliko unabii wa tarehe.

Basi, Jumapili ya vijana ikafika. Nilihubiri nusu saa. Nilianza kama Yeremia alivyoanza, kwa kusema Amina. Nilisema Mungu na awafungulie mlango wote wanaoomba, na mimi nikiwemo, na Kongo irudi kwenye amani. Kisha nikasoma barua nzima, polepole, mkalimani akigeuza kwa Kibembe. Nilisema kwamba amri ya serikali si kipimo cha imani ya mama wa watoto watano. Nilisema mtu asikubali kubebeshwa dhambi isiyo yake. Nilisema anayengoja anaweza kungoja huku anashona, anasoma, anapanda, anatengeneza paa, na kwamba kufanya hivyo hakumfukuzi Mungu. Nikasema tuwaombee Kasulu na Makere, majirani zetu Waha, mvua yao na mazao yao, kwa sababu njaa ikiwapiga wao haitaturuka sisi.

Sitawadanganya kwamba kanisa lilitikisika. Amina zilikuwa chache. Kinanda hakikupanda. Baba mmoja alitoka katikati ya ujumbe na hakurudi. Mwingine aliniambia nje, "Wewe umezaliwa hapa, ndiyo maana unaona hapa ni kwenu." Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma, kwa sababu sina kwingine nilikozaliwa. Lakini yanafanana sana na ya Shemaya, yule mtu wa Babeli aliyeandika barua kulalamika kwamba Yeremia anawaambia watu uhamisho utakuwa mrefu, na kuuliza kwa nini hajafungwa bado. Barua ya Yeremia nayo haikupendwa na wote walioipokea.

Mzee wa kanisa hakusema kitu siku ile. Juma lililofuata aliniuliza kama bado nina ile orodha ya vijana wanaotaka kujifunza useremala, maana mjukuu wake amekaa bure.

Na mama jirani? Siku ya Jumanne alinikuta kisimani. Nikamsalimu, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akajaza dumu lake, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ule ujumbe wako sikuupenda. Nilitaka kusikia kwamba nitaenda. Lakini hukunilaumu." Akajitwika dumu akaondoka. Jumamosi ile tulienda vijana tisa kuezeka jiko lake, kwa nyasi na vipande vya turubai tulivyochanga. Hatukuhubiri. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakapokea, na yeye akatuletea bugali na sombe, ingawa tulimwomba asijisumbue.

Kwa wahubiri wenzangu, wakubwa na wadogo, nina ombi moja. Hubirini tumaini, ndiyo. Mkiwa na neno la kweli kutoka kwa Mungu, lisemeni. Lakini msitoe tarehe ambayo ninyi hamtailipa. Mtu akikwama, msimtafutie dhambi kwanza, mtafutieni mkeka. Na mkifungua Yeremia 29, anzeni juu, msirukie katikati.

Kwa ndugu wa mashirika: mkitaka vijana wadumu kwenye mafunzo yenu, zungumzeni na wachungaji kabla ya kubandika tangazo. Kijana hataki kuchagua kati ya fundi wake na Mungu wake. Akisikia madhabahuni kwamba kujifunza ufundi si kukosa imani, atamaliza kozi. Na pale tunaposema ardhi hakuna na kibali hakuna, tusikilizeni pia. Yeremia aliwaandikia mateka wapande bustani, na bustani inahitaji mahali pa kupandwa.

Kwa vijana wenzangu: fomu zijazeni, intavyu nendeni, simu ikilia pokeeni. Hakuna ubaya kutamani kuondoka. Hata Yeremia alisema Amina. Lakini leo ni siku, nayo mtaulizwa mliitumiaje. Yule msichana wa diploma amerudi kusoma. Amesema bado haamini kama itamsaidia, ila amechoka kukaa.

Tunakutana Jumamosi saa tisa, darasani. Juma hili tunaanza Danieli sura ya kwanza. Njoo na Biblia yako, na kama huna, njoo tu. Tunasoma kwa sauti. Bwana awabariki.